Kinachosuguliwa Ndani ya Mtutu

Tarehe 2 Julai 1860, kwenye uwanja wa Wimbledon karibu na London, Malkia Victoria alivuta kamba ya hariri iliyofungwa kwenye kifyatulio cha bunduki. Bunduki yenyewe haikushikwa na mtu. Ilibanwa juu ya kiegemeo cha chuma, ikiwa imeshalengwa kwenye shabaha iliyosimama yadi 400 mbele, yaani mita 366. Risasi ikapiga karibu inchi moja na robo kutoka katikati kabisa. Ndivyo yalivyofunguliwa mashindano ya kwanza ya Chama cha Taifa cha Bunduki cha Uingereza, chama kilichokuwa kimeundwa mwaka mmoja tu kabla ya hapo. Aliyeiandaa bunduki ile alikuwa Joseph Whitworth, fundi wa mashine kutoka Manchester.

Mazungumzo ya leo yanahusu kazi wanayoitamani wamiliki wengi wa bunduki za kiwandani, hasa wawindaji na walenga shabaha wa Marekani: kusugua na kulainisha ndani ya mtutu ili risasi ziende mahali pamoja. Whitworth ndiye mtu wa kuanza naye. Miaka 20 kabla ya siku ile ya Wimbledon, mwaka 1840, alisimama mbele ya mkutano wa wanasayansi mjini Glasgow akaeleza namna ya kutengeneza uso bapa wa chuma. Mafundi wa wakati huo walizoea kulaza vipande viwili vya chuma, kimoja juu ya kingine, wakatia unga wa msasa katikati, wakasugua mpaka ving'ae. Whitworth aliikataa njia hiyo. Unga wa msasa, alieleza, hauwezi kuongozwa. Unajikusanya hapa, unapungua pale, na unakula chuma mahali ambapo fundi hakukusudia. Mwisho wake ni uso unaometameta na usio sawa. Yeye alitetea kupaka rangi nyembamba, kuulaza uso juu ya bapa la kupimia, kutazama ni wapi pameguswa, kisha kukwangua vinundu hivyo peke yake, tena na tena.

Kung'aa na kuwa sawa, basi, ni mambo mawili. Hapo ndipo wasugua mitutu wengi wanapokosea, na hapo ndipo fedha nyingi na bunduki nzuri zinapopotea bure.

Msikilizaji aliyewahi kumwona seremala mwanafunzi akipiga msasa ubao wa mvule uliopinda anaijua hali hii: ubao unalainika, unapendeza machoni, na kupinda kwake kunabaki vile vile. Mtutu nao hauna tofauti. Anayeuelekeza kwenye mwanga na kuchungulia huona mng'aro. Risasi haioni mng'aro. Inakutana na tundu ambalo ama upana wake ni ule ule tangu chemba hadi mdomoni, ama linabana mahali fulani na kulegea mahali pengine.

Whitworth alipoombwa na serikali ya Uingereza mwaka 1854 ashauri juu ya mashine za kutengenezea bunduki za jeshi, alijibu kwamba hawezi kushauri kabla ya kujua ni kitu gani kinachoifanya bunduki ilenge vizuri. Akajengewa ukumbi wa kupigia shabaha wenye urefu wa yadi 500 kwenye kiwanja cha nyumba yake kule Manchester. Upepo wa dhoruba ukaubomoa; ukajengwa upya. Ndani ya ukumbi huo alijaribu vipenyo vya tundu, misokoto inayoizungusha risasi, na maumbo, akafikia mtutu ambao tundu lake lilikuwa na pande sita, wenye kipenyo cha inchi 0.451 na msokoto wa mzunguko mmoja kwa kila inchi 20. Bunduki ya jeshi wakati huo, Enfield, ilikuwa na inchi 0.577 na mzunguko mmoja kwa inchi 78.

Mwaka 1857 bunduki hizo mbili zilishindanishwa kwenye shule ya shabaha ya jeshi huko Hythe. Kwa umbali wa yadi 500, risasi za Enfield zilipotoka kwa wastani wa futi 2.24, za Whitworth, futi 0.37. Kwa yadi 1,400 Enfield haikupiga shabaha hata mara moja, ilhali ya Whitworth iliendelea kupiga. Jeshi hata hivyo halikuichukua. Tundu lake dogo lilijaa masizi ya baruti nyeusi upesi mno, na kila bunduki ilihitaji ufundi wa bei kubwa. Usahihi wa vipimo ulikuwepo, lakini uchafu ukaushinda. Ukweli huo utarudi mara kadhaa katika habari hii, kwa maana nusu ya sababu za kulainisha mtutu ni shabaha, na nusu nyingine ni uchafu.

Sasa tuje kwenye kiwanda cha leo.

Mtutu huanza kama nondo ya chuma cha pua. Kekee ndefu yenye mfereji wa kupitishia mafuta huitoboa kutoka ncha hadi ncha, mafuta yakipulizwa kwa nguvu ili yatoe vumbi la chuma. Kisha kinapitishwa chombo cha kupanulia kinachonyoosha kuta za tundu na kulifikisha kwenye kipimo. Chombo hiki, kwa kuwa kinazunguka, huacha mikwaruzo inayokwenda kwa mviringo, yaani inayokata njia ya risasi. Baada ya hapo ndipo huchongwa ile mifereji inayomfanya mtu aite bunduki hii kwa jina tofauti na gobore.

Kuchonga mifereji kuna njia zake. Ya zamani kuliko zote ni kisu kimoja kidogo kinachovutwa ndani ya tundu na kuondoa utando mwembamba kila kikipita. Mtutu mmoja unaweza kuhitaji mamia ya mapito. Nyingine, iliyoenea Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili na ambayo Mike Walker wa kampuni ya Remington anahesabiwa miongoni mwa walioikuza, ni ya kupitisha kitufe kigumu cha kabidi ambacho hakikati chochote. Kinauminya tu mtutu kutoka ndani mpaka sura yake ichapike kwenye chuma. Ya tatu ilikuzwa Ujerumani wakati wa vita hiyo hiyo, kwa haja ya kutengeneza mitutu mingi ya bombomu haraka. Nondo iliyokwisha kutobolewa huvikwa kwenye chuma kigumu kilichochongwa mifereji kinyume, kisha nyundo za mashine zinaipiga kutoka nje pande zote hadi ikumbatie umbo hilo. Steyr ya Austria na Sako ya Finland hutengeneza mitutu yao hivi, na kazi nzima hukamilika kwa dakika chache.

Hakuna kati ya njia hizi iliyo mbaya. Tofauti inaletwa na muda. Kiwanda kinachouza bunduki kwa mwindaji wa kawaida hakina nafasi ya kumweka fundi nusu siku juu ya mtutu mmoja. Zana ikianza kuchakaa, mikwaruzo inakuwa na kina zaidi, na mtutu wa mwisho uliotengenezwa na zana ile kabla haijanolewa hauwi sawa na wa kwanza. Ndiyo maana bunduki mbili za aina moja, zilizonunuliwa duka moja wiki moja, zinaweza kutofautiana sana uwanjani.

Inafaa kufikiria mambo yanayoipata risasi ndani ya tundu hilo. Kwa bunduki ya kipenyo cha .30, upana kati ya matuta, yaani sehemu zilizoinuka kati ya mifereji, ni milimita 7.62 na kati ya mifereji ni milimita 7.82, maana yake kila mfereji una kina cha sehemu moja ya kumi ya milimita. Baruti inapowaka shinikizo hupanda hadi zaidi ya mara 4,000 ya lile la hewa tunayovuta. Risasi inalazimishwa kuingia kwenye matuta, inachapwa alama zake, na katika muda unaozidi kidogo elfu moja ya sekunde inatoka ikienda mita 850 hivi kwa sekunde. Ikiwa msokoto ni mzunguko mmoja kwa inchi 10, risasi hiyo inazunguka kwa kasi ya mizunguko takribani 200,000 kwa dakika. Kidonge cha chuma kinachozunguka namna hiyo, kikikwaruzwa upande mmoja zaidi ya mwingine au kikilegezwa katikati ya safari na kubanwa tena, hakitatoka kikiwa kimetulia.

Na kila risasi huacha kitu nyuma. Mitutu yenye mikwaruzo hukwangua gamba la shaba la risasi, shaba ikaganda kwenye kuta, na risasi inayofuata ikapita juu ya donge hilo. Wanajeshi na walenga shabaha wa Marekani waliteswa sana na jambo hili mwanzoni mwa karne ya 20, kwa sababu risasi za bunduki ya Springfield ya mwaka 1903 zilivikwa gamba la shaba iliyochanganywa na nikeli, mchanganyiko uliong'ang'ania chuma kwa madonge. Walimwaga dawa za amonia kwenye mtutu ili kuyayeyusha. Wengine walichovya risasi kwenye grisi kabla ya kuipiga.

Mwaka 1921, kwa ajili ya mashindano ya taifa ya Camp Perry katika jimbo la Ohio, karakana ya serikali ilitoa risasi zilizopakwa bati ili kuzuia uchafu huo. Bati lilisaidia kweli, mitutu ikabaki safi. Lakini lilikuwa likishikamana na shingo ya ganda la shaba kana kwamba limechomelewa, na wapiga shabaha waliozoea grisi wakaendelea kuitumia juu yake, wakiinyima shingo ya ganda nafasi ya kutanuka. Shinikizo lilipanda kupita kiasi na bunduki zikapasuka. Suluhisho lililodumu lilikuja mwaka uliofuata, nalo lilihusu risasi, si mtutu: gamba la shaba lenye zinki kidogo, ambalo ndilo linalotumika hadi leo. Anayetafuta tiba ya uchafu ndani ya tundu peke yake anafaa kuikumbuka Camp Perry.

Kisuguo cha mkono, chombo chenyewe cha kazi hii, ni kitu cha ajabu kwa urahisi wake. Fundi hupitisha fimbo ya chuma ndani ya mtutu. Mpini wa fimbo umewekwa juu ya gololi ili fimbo izunguke yenyewe kufuata msokoto. Karibu na ncha yake anafunga uzi wa kuzuia kuvuja, kisha anayeyusha madini ya risasi na kuyamimina mdomoni mwa mtutu. Yakipoa, anakuwa na kipande chenye urefu wa inchi kadhaa kilichonakili kila tuta na kila mfereji wa tundu lile, na hakitaingia vizuri katika tundu lingine lolote. Anakipaka mafuta na unga wa kusugulia, akaanza kukisukuma na kukivuta kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Uzuri wa kisuguo uko mikononi mwa anayekisukuma zaidi kuliko katika unga. Mahali tundu linapobana, fimbo inakuwa nzito. Mahali linapolegea, inateleza. Fundi mzoefu husoma urefu wote wa mtutu kwa viganja vyake na kugundua tofauti ambazo vipimo vingi vya karakana havizioni. Kisha husugua zaidi pale penye uzito na kupita haraka pale penye wepesi, hadi fimbo iende kwa uzito mmoja mwanzo hadi mwisho. Mikwaruzo ile ya mviringo nayo inafutika, na badala yake inabaki mistari myembamba sana inayofuata njia ya risasi. Hayo ya pili ni faida. Ya kwanza ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo yale yale aliyoyasema Whitworth kule Glasgow: ondoa kilichoinuka, usisugue kila mahali.

Aliyepata sifa kubwa kuliko wote katika ufundi wa mitutu ya mashindano Marekani alikuwa Harry Pope, aliyezaliwa mwaka 1861 na kufariki mwaka 1950. Alifanya kazi Hartford, Connecticut, akaenda San Francisco, na tetemeko la Aprili 1906 likateketeza karakana yake alipokuwa ndiyo kwanza ameifungua. Akarudi mashariki, akakaa Jersey City miaka mingi katika chumba kilichojaa zana na mitutu ya wateja waliosubiri. Pope hakuahidi tarehe. Mitutu yake ilikuwa na mifereji minane iliyozunguka kuelekea kushoto, msokoto ulioongezeka kasi kadiri risasi inavyosonga mbele, na tundu lililopungua kwa kiasi kidogo mno kuelekea mdomoni, ili risasi ibanwe vizuri zaidi mahali inapotoka. Mwaka 1901, huko Colorado, C. W. Rowland alipiga risasi 10 kwa mtutu wa Pope kutoka umbali wa yadi 200, na kundi lote la matundu likapimwa inchi 0.725 kutoka kitovu hadi kitovu. Ni chini ya milimita 19. Kuna wawindaji wenye bunduki mpya na darubini ya bei kubwa leo ambao hawawezi kufanya hivyo kwa nusu ya umbali ule.

Kilichomsaidia Pope ni kwamba aliutawala mtutu tangu ulipokuwa nondo. Mtu anayetaka kusugua mtutu wa kiwandani anaanzia mahali pagumu zaidi.

Kisuguo kinapofika mwisho wa tundu na kugeuka, hukaa hapo muda mrefu kidogo, na unga mwingi hujikusanya. Kwa hiyo ncha zote mbili za mtutu hupanuka, zikawa na umbo la tarumbeta. Mtengenezaji wa mitutu anajua hivyo, ndiyo sababu huacha mtutu ukiwa mrefu kuliko unavyotakiwa, akausugua, kisha akazikata na kuzitupa ncha zote mbili. Chemba huchongwa baadaye, na ukingo wa mdomo vile vile. Bunduki iliyotoka dukani haina urefu wa ziada. Chemba imeshachongwa, mdomo umeshakatwa, na mwenye bunduki akisugua nyumbani anapanua sehemu mbili ambazo hazipaswi kuguswa kamwe: koo, pale risasi inapoingia kwenye matuta kwa mara ya kwanza, na mdomo, pale inapoachana na chuma kwa mara ya mwisho. Fundi mwangalifu anayepokea mtutu wa namna hii hutaka kwanza ruhusa ya kukata inchi moja ya mdomo baada ya kazi na kuuchonga ukingo upya. Asiyetaja jambo hilo asikabidhiwe bunduki.

Kwa wasiotaka fimbo wala madini ya kuyeyusha, kuna njia ya risasi zenye msasa. Risasi huviringishwa kati ya mabamba mawili ya chuma kigumu yenye unga wa kusugulia mpaka unga uzame kwenye gamba lake. Zinapigwa kwa mfululizo, za unga mkali kwanza, kisha laini, kisha laini zaidi, na mtutu unaoshwa katikati. David Tubb, aliyetwaa ubingwa wa Marekani wa bunduki za nguvu kubwa (High Power) mara 11 kule Camp Perry, alitia sokoni risasi za aina hii na akaziamini. Mitutu iliyokuwa ikijaa shaba baada ya risasi 10 imeonekana kwenda kwa makumi kabla ya kuhitaji kusafishwa, na hiyo ni nafuu ya kweli. Wapigaji wa rivolva wanaotumia risasi laini za kuyeyushwa wana sababu nyingine nzuri: mtutu wa rivolva mara nyingi hubanwa mahali unapokazwa kwenye fremu, na msasa mwepesi unaopigwa kwa baruti kidogo hufungua mbano ule bila kugusa sana sehemu nyingine.

Lakini risasi yenye msasa haina viganja. Haijui palipobana na palipolegea ila kwa shinikizo tu, na inakula koo zaidi ya mahali popote kwa kuwa hapo ndipo moto na nguvu vinapokutana. Kila mfululizo unaupunguzia mtutu maisha. Katika bunduki ya mashindano ambayo mtutu wake ulikwisha kusuguliwa na mtengenezaji, kuzipiga risasi hizo ni kuharibu kazi ya mtu aliyetumia saa nyingi.

Pia kuna kikomo cha ulaini wenyewe. Watengenezaji wa mitutu ya mashindano hulenga ulaini wa maikroinchi 16 au chini kidogo ya hapo, yaani maikroni 0.4, kisha huacha. Wengi wao wanashikilia kwamba ukiendelea mpaka ndani pawe kama kioo, shaba huanza kushika tena, kwa sababu gamba la risasi linagusana na chuma eneo kubwa zaidi. Mmiliki anayejivunia kuona sura yake ndani ya tundu amevuka mahali mafundi wenyewe wanaposimama.

Mitutu iliyopakwa kromu ndani, kama ya AK-47 na ya M16 za baadaye, haisuguliwi kabisa. Kromu iliwekwa ili kuzuia kutu na kuchakaa. M16 za mwanzo zisizokuwa nayo kwenye chemba zilikwama mikononi mwa askari katika unyevu wa Vietnam. Tabaka hilo ni gumu na jembamba, na msasa ukilitoboa mahali pamoja, kutu itaingia chini yake na kulibandua.

Kuna bunduki ambazo hazina shida ya ulaini hata kidogo, shida yake ni moto. Waingereza walilijua hilo kwa gharama. Mwaka 1888 walichukua bunduki ya Lee-Metford, yenye mifereji ya kina kifupi, iliyoviringwa, ya William Metford, iliyobuniwa makusudi ili masizi ya baruti nyeusi yasipate kona ya kujificha. Muda si mrefu baruti nyeusi ikaachwa, ikaja kodaiti, yenye nitrogliserini asilimia 58 na joto kali. Mifereji ile laini na ya kupendeza ikayeyuka kwa haraka. Mwaka 1895 jeshi likahamia kwenye mifereji mitano ya kina kirefu zaidi, yenye kona za mraba, na bunduki ikaitwa Lee-Enfield. Mtutu uliounguzwa kooni una nyufa ndogo ndogo mithili ya tope lililokauka, msasa hauzizibi.

Lee-Enfield ndiyo waliyoibeba askari wa King's African Rifles (KAR), Keya kama walivyoitwa, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland hadi Abisinia na Burma. Ndani ya kitako chake kulikuwa na kijitundu cha kuwekea chupa ya mafuta na kamba ya kusafishia yenye kizito cha shaba. Askari alitumbukiza kizito kwenye chemba, akakivuta kwa mdomo wa mtutu. Akivuta kwa kunyoosha, mtutu husafika. Akivuta kwa kuegemea upande mmoja, siku baada ya siku, kamba yenye mchanga hula ukingo wa mdomo mpaka ufanye mfuo. Bunduki yenye ndani safi kabisa ikaanza kutawanya risasi kwa sababu ya milimita moja ya mwisho: gesi inatoka upande mmoja kabla ya mwingine na kuisukuma risasi kitako inapoachana na chuma. Dawa yake ni kukata ukingo upya kwa mashine ya kukereza, kazi ya nusu saa kwa fundi anayejua. Mazungumzo haya yangependa kila anayefikiria kusugua mtutu wake autazame kwanza mdomo kwa kioo cha kukuzia.

Kisha atazame vingine. Skrubu zinazoshika mtambo kwenye mbao zimekazwa? Karatasi inapita kati ya mtutu na mbao kutoka mdomoni hadi karibu na chemba, au mbao zimevimba kwa mvua na kuusukuma mtutu? Vishikizo vya darubini vimelegea? Amejaribu aina tatu au nne za risasi? Kila mojawapo ya mambo haya linaweza kutawanya shabaha zaidi kuliko mikwaruzo ya kiwandani, na hakuna hata moja linaloondoa chuma kisichorudi.

Ushahidi wa kabla na baada nao unahitaji uadilifu. Mtu hupiga risasi tatu, akapata kundi baya, akasugua, akapiga tatu nyingine, akapata kundi zuri, akawatangazia wenzake. Risasi tatu hazisemi kitu. Bunduki moja, mpigaji mmoja, siku moja, inaweza kutoa kundi la inchi moja na baadaye la inchi mbili bila chochote kubadilika. Halafu kuna jambo linalosahauliwa: kabla ya kusugua, mtutu husafishwa mpaka shaba yote itoke, pengine kwa mara ya kwanza tangu ununuliwe. Kusafisha peke yake kungeweza kuleta badiliko lile lote. Mtutu mpya nao hujilainisha kidogo katika risasi zake za kwanza. Anayetaka kujua ukweli asafishe vizuri, apige makundi matano ya risasi tano tano kwa risasi za boksi moja, apime yote bila kutupa baya, afanye vivyo hivyo baada ya kazi. Wachache hufanya hivyo. Wanaofanya hugundua mara nyingi kwamba walichopata ni mtutu unaosafishika upesi, na kundi lililopungua kidogo au halikupungua.

Kwa msikilizaji wa Tanzania au Kenya mwenye bunduki ya kihalali ya kuwindia au ya kulinda mifugo, lipo pia suala la sheria. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 ya Tanzania na Sura ya 114 ya sheria za Kenya zinaiweka kazi ya kutengeneza na kukarabati silaha mikononi mwa waliosajiliwa. Kufungua karakana ya mitutu uani, hata kwa bunduki yako mwenyewe, si jambo la kujiamulia.

Walenga shabaha wanaoshindana kwa sehemu za milimita kule Marekani wameacha kwa kiasi kikubwa kubishana juu ya kusugua mitutu ya kiwandani. Kawaida yao ni kununua mtutu mtupu uliochongwa na kusuguliwa kwa mkono na mtengenezaji maalumu, ukiwa bado na ncha zake za ziada. Fundi bunduki huukata, akauchonga chemba na ukingo akiwa ameubana kwenye mashine ya kukereza huku geji ikimwonyesha kama tundu linazunguka sawasawa, na akaukaza kwenye mtambo. Baada ya risasi elfu moja na kitu koo huwa limeungua na makundi yameanza kufunguka. Mtutu huo hautafutiwi msasa. Unafunguliwa, unafungwa mwingine, na nafasi kati ya bolti na chemba inapimwa kwa geji mbili, moja inayopaswa kuingia na nyingine inayopaswa kukataa, kabla haijapigwa risasi ya kwanza.